Baraka ya Mwenye Kuchechemea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimerudi kwenye Mwanzo 32, pale Yakobo anaposhindana mweleka na mtu asiyemjua, usiku kucha, kwenye kivuko cha mto Yaboki. Miaka yote nimekisoma kisa hiki kama somo la maombi. Safari hii nilikisoma kama mpenda michezo, nikaona jambo lililokuwa limenipita: jeraha lilitangulia baraka. Paja liliteguka kwanza, ndipo Yakobo akasema, "Sikuachi, usiponibariki."

Mcheza mweleka aliyeteguka nyonga hana mchezo tena. Mguu hausukumi, kiuno hakigeuki. Kilichombakia Yakobo ni mikono ya kung'ang'ania. Tena kabla ya hapo hatuambiwi alikuwa anapigania nini. Huenda alikuwa anajihami tu gizani. Alipoumia ndipo alipotamka anachotaka.

Nadhani hicho ndicho kikwazo humfanyia mwanamichezo. Anayeshinda kila mara hana haja ya kujiuliza kama anaupenda mchezo au anapenda kushangiliwa, maana vyote viwili vinamjia pamoja. Kushindwa huvitenganisha.

Mtazameni Eliud Kipchoge, mkimbiaji wa Kenya. Mwaka 2003, akiwa na miaka 18, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris, mbele ya Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele. Kwenye Olimpiki akapata shaba mwaka 2004 na fedha mwaka 2008. Dhahabu ilikuwa bado. Kisha mwaka 2012 akakosa hata nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda London. Fikirini uchungu wa kuangalia wenzako wakikimbia mbio zako. Mwaka uliofuata alihamia barabarani, akashinda marathoni yake ya kwanza jijini Hamburg, na mwaka 2016 kule Rio akavishwa ile dhahabu aliyoikosa uwanjani. Aliyewasha televisheni siku hiyo tu aliona mtu akishinda mbio. Aliyekumbuka 2012 aliona zaidi ya hapo, na sidhani kuna aliyeona mengi kuliko Kipchoge mwenyewe.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mbio na taji iharibikayo, nao walimwelewa, kwa kuwa michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao na mshindi alivikwa shada la majani. Majani hunyauka. Lakini kwa Warumi anataja kitu kisichonyauka upesi: dhiki huleta saburi, na saburi huleta "uthabiti wa moyo". Neno la Kiyunani alilotumia hapo lina maana ya kitu kilichojaribiwa kikathibitika. Hakuna anayethibitika kwa kusifiwa.

Hapa naomba tuwe waangalifu, maana mahubiri ya namna hii huteleza kirahisi. Sisemi Mungu huvunja watu miguu ili medali ziwe tamu. Wala si kila aliyeanguka huinuka na kombe. Mkimbiaji Mwingereza Derek Redmond alichanika msuli wa paja katika nusu fainali ya mita 400 kule Barcelona mwaka 1992. Baba yake aliruka kutoka jukwaani, akamshika, wakajikokota pamoja hadi mstari wa mwisho. Kwenye matokeo aliandikwa kuwa hakumaliza. Mimi nikisoma Zaburi zinazosema Bwana humtegemeza aangukaye, picha inayonijia ni ya yule baba, mwenye kofia kichwani.

Na Kipchoge? Mwaka 2024 alirudi Paris, mji uleule wa ujana wake, kukimbia marathoni ya Olimpiki. Mwili ulikataa, akajiondoa njiani, na viatu vyake akawagawia mashabiki waliokuwa kando ya barabara. Biblia inasema jua lilimzukia Yakobo akivuka Penieli, mahali pa mweleka ule, huku akichechemea. Alikuwa na jina jipya, Israeli, na mguu haukuponywa asubuhi ile.

Tuombe. Baba, wiki hii tunamkumbuka kijana aliyeachwa nje ya kikosi, na yule anayejifunza upya kutembea baada ya upasuaji wa goti. Wanaume na wanawake waliozoea kukimbia, leo wanahesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Washike, hata pale mikono yao inapochoka kukushika Wewe. Katika jina la Yesu, Amina.