Madaftari ya Kilolo na Fomu za Marekani: Nilivyoupitisha Mradi Wetu

Mimi ni afisa utafiti kwenye chuo kikuu kimoja hapa Iringa. Kazi yangu ni kuhakikisha karatasi za mradi zimekaa sawa kabla mtafiti hajapanda gari kwenda kijijini. Kwa muda mrefu karatasi zilizonisumbua zilikuwa za hapa nyumbani: kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ya Mkurugenzi wa Halmashauri, hadi ya mtendaji wa kijiji. Hizo nilizizoea. Baadaye wabia wetu wa Marekani wakaanza kuleta za kwao, zenye maswali ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza: nani mwingine anawalipa, mtafiti wenu alisoma wapi na kwa hela ya nani, data zinahifadhiwa wapi, nani anazifungua. Wao wanaita usalama wa utafiti. Wenzangu wa vyuo vya Mbeya wanapopigwa na fomu hizo hunipigia simu, na nimechoka kueleza jambo lile lile kwa vipande.

Mradi ulihusu sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi na ukuaji wa watoto. Anayeujua mkoa wetu hatashangaa. Tunalisha nchi, lakini takwimu za kitaifa za afya za 2022 zilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni kama asilimia 30. Sumukuvu ni mshukiwa mmojawapo, si pekee. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara, na nchi nzima ikasikia. Ile ya kila siku, kidogo kidogo ndani ya uji wa mtoto, haiandikwi magazetini. Kuipima vizuri unahitaji damu, na mashine ya kusoma alama ambayo sumu inaiacha kwenye protini ya albumini. Mashine hiyo chuo chetu hakina. Kwa hiyo damu ingetolewa wilayani Kilolo na kupimwa Marekani, kwa fedha za NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya. Chuo cha kule ndicho chenye mkataba na NIH. Sisi tuna mkataba mdogo chini yake.

Neno “chini yake” lilituokolea kazi kubwa. Mbia alituandikia tujisajili kwenye SAM, mfumo wa serikali ya Marekani kwa wanaopokea fedha zake. Ukisoma masharti ya usajili kamili kwa taasisi ya nje, unakuta kwanza uwe na namba iitwayo NCAGE, ambayo inatokana na mfumo wa NATO. Mhasibu wetu alicheka mpaka akavua miwani: watu wa uji tunakwenda kuomba namba NATO! Nikauacha ule ujumbe wa mbia nikasoma mwongozo wenyewe. Mwenye mkataba mdogo, kwa utaratibu wa wakati ule, hakuhitaji usajili kamili. Alihitaji namba ya utambulisho tu, UEI, iliyochukua nafasi ya namba ya zamani, DUNS, Aprili 2022, na hiyo inataka jina halali la taasisi na mahali ilipo.

Mahali ilipo. Sanduku la posta halikubaliki, na karatasi zetu zote kuanzia cheti cha usajili zina S.L.P. tu. Kilichotutoa ni anwani za makazi, ile kazi ya 2022 ya kubandika namba kwenye majengo na vibao barabarani, ambayo watu wengi waliiona kama mapambo. Nilikwenda ofisi ya kata nikaomba barua yenye jina la barabara, namba ya jengo na postikodi, kisha nikahakikisha jina la chuo limeandikwa vilevile, herufi kwa herufi, kwenye kila hati tuliyopakia. Ukiweka jina la Kiswahili hapa na la Kiingereza pale, mfumo unaona taasisi mbili.

Fomu iliyoleta joto ofisini ni ya kueleza vyanzo vyote vya msaada na uhusiano wa nje wa kila mtafiti. Mtafiti wetu mkuu, daktari wa falsafa katika lishe, alisomea Wuhan kwa udhamini wa serikali ya China, na mpaka leo anaandika makala na aliyekuwa msimamizi wake. Siku ile aliingia ofisini kwangu akafunga mlango.

“Dada, hii nikiijaza si ndiyo wananifuta?”

“Dokta, nani kakwambia?”

“Korido nzima inasema niache wazi.”

Ushauri wa korido nauheshimu kwenye mambo ya posho, si kwenye sheria za watu. Nilikaa naye tukaisoma. Sheria ya CHIPS na Sayansi, iliyosainiwa Marekani Agosti 2022, inamzuia mtu aliyemo kwenye mipango ya kuvuta vipaji yenye nia mbaya, na nchi inazozitaja kwa jina ni China, Urusi, Iran na Korea Kaskazini. Lakini imeeleza mipango hiyo ikoje: unalipwa au kupewa cheo, na kwa malipo hayo unatakiwa kuhamisha matokeo ya utafiti bila idhini, au kuwavuta wengine waingie, au kuuficha uhusiano wenyewe, au umefungwa na mkataba usioweza kuuvunja. Udhamini wa shahada uliokwisha miaka iliyopita hauko humo. Nikamkumbusha pia kesi ya Charles Lieber, profesa wa kemia wa Harvard. Alitiwa hatiani Desemba 2021, na makosa yake hayakuwa kufanya kazi na chuo cha Wuhan. Yalikuwa kuwadanganya maafisa wa serikali kuhusu uhusiano huo, na kutotangaza kipato na akaunti ya benki.

Tukajaza kila kitu: udhamini, miaka, makala za pamoja, hadi darubini ambayo chuo cha Wuhan kilitupa. Nikaambatisha maelezo ya ukurasa mmoja. Mbia hakurudisha hata swali. Kusema kweli ugomvi wenyewe si wetu, na sipendi mtu aliyesoma kwa jasho lake aanze kujiona mtuhumiwa kwa sababu ya mji aliosomea. Ila hilo silimalizi kwa kuacha nafasi wazi kwenye fomu.

Halafu nikafanya jambo ambalo mwanasheria wetu wa chuo aliliona ni ujeuri kidogo. Maswali yale yale nikayaandika upya kwa barua ya chuo, nikamtumia profesa wa Marekani ayajibu na yeye: nani mwingine atagusa sampuli, kampuni gani ina maslahi, data zitakaa kwenye seva ya nani. Alijibu kwa adabu, na jibu lilikuwa na kitu. Alikuwa mshauri wa kampuni inayotengeneza vifaa vya kupimia sumukuvu. Si kosa, lakini tukakiandika kwenye makubaliano kwamba kampuni hiyo haipati sampuli wala data bila idhini yetu na ya NIMR.

Kazi hasa ilikuwa kwenye madaftari. Kuanzia 2024 NIH inataka kila mwenye mkataba mdogo aliye nje ya Marekani aruhusu mbia wake kupata nakala za madaftari ya maabara, data na nyaraka zote zinazobeba matokeo, angalau mara moja kwa mwaka. Pendekezo la kwanza lilikuwa la mara nyingi zaidi, watu wakalalamika, likalegezwa. Huku kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za watoto na za afya zimo kwenye kundi nyeti. Huyu anasema leta nakala ya kila kitu, yule anasema linda kila jina. Na madaftari yetu yalivyokuwa yakiandikwa yasingemridhisha yeyote kati yao.

Chukua ukurasa wa kawaida wa kaunta buku la muuguzi wa zahanati. Jina la mtoto, la mama, namba ya simu, “nyumba ya pili nyuma ya kanisa, bati jekundu”, kilo 8.2, ana mafua, baba yuko Dar, damu imetoka kwa shida. Ni ukurasa mzuri, kwa maana hata miezi sita baadaye utampata mtoto huyo. Lakini hauwezi kuvuka bahari, na ukianza kufuta majina kwa kalamu nyeusi kurasa mia kadhaa, utasahau simu moja mahali fulani.

Tukayagawa madaftari kabla ya kutoka ofisini. La bluu lina namba ya mshiriki, vipimo, saa, namba ya kichupa na jotoridi la kisanduku. Jekundu lina jina, simu na nyumba, na linaishi kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili tofauti. Kurasa tuliziandika namba kwa mkono mapema, ili ikichanwa moja ijulikane. Peni, si penseli. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika juu yake, unaweka herufi za jina lako na tarehe.

Kwenye mafunzo wauguzi walikuja juu. “Kwa hiyo mtoto ni namba?” aliuliza mmoja. Hofu yao ya kweli ilikuwa kuchanganya, kwa sababu asubuhi ya kliniki kuna foleni, watoto wanalia, na wewe unahama kati ya madaftari mawili. Suluhisho lilitoka kwao wenyewe. Muuguzi mmoja mtu mzima, asiye na maneno mengi, alisema: chapisheni stika, namba moja mara tatu. Moja kwenye kichupa, moja kwenye bluu, moja kwenye jekundu, zote zibandikwe mama akiwa bado amekaa kwenye kiti. Ndivyo tulivyofanya, na hakuna kichupa kilichokosa mwenyewe.

Kigumu zaidi kilikuwa simu. Mtu anapiga picha ukurasa, anautupa kwenye kundi la WhatsApp kuuliza kama kipimo kiko sawa, na kwenye kundi hilo yumo dereva, yumo mwanafunzi aliyeshamaliza, yumo sijui nani. Nilipiga marufuku, lakini marufuku tupu haifanyi kazi kama mtu ana swali la haraka na hana njia. Nikawapa namba moja ya kupiga, ya msimamizi wa data, apokee muda wote wa kliniki. Kila Ijumaa daftari la bluu lilikuja Iringa, likaskaniwa, faili likafungwa kwa nywila na kuwekwa kwenye seva ya chuo, na mfumo ukawa unaandika nani amefungua na lini. Muda wa kutoa nakala kwa Marekani ulipofika, hatukukesha.

Haya yote mama wa mtoto aliambiwa kwa Kiswahili kwenye fomu ya ridhaa: damu inakwenda Marekani, nakala zisizo na majina zinakwenda pia. Mama mmoja wa Ilula alisikiliza mpaka mwisho akauliza, “Na damu itakayobaki?” Swali hilo nililipeleka kama lilivyo kwenye mazungumzo ya mkataba wa kuhamisha sampuli. Rasimu ya mbia ilisema mabaki yatatumika kwa “utafiti wa baadaye”. Tukakifuta kifungu hicho, tukaandika kwamba mabaki yatateketezwa na hati ya kuteketeza itatumwa kwetu, kwamba hakuna kipimo cha vinasaba, na kwamba mhadhiri wetu msaidizi atakaa kwenye mashine ile ajifunze. Mwanasheria wao alivutana nasi kwa wiki kadhaa. Tulipomtumia masharti ya kibali cha NIMR akasaini.

Safari ya damu naipita haraka: vifungashio vya tabaka tatu, lebo ya UN3373 ya sampuli za kibiolojia, barafu kavu, gari linaondoka usiku ili lisikute msululu wa malori kwenye mlima Kitonga. Na mwanafunzi wao aliyetaka kuja kwa viza ya utalii “aangalie tu” nilimjibu kwa upole kwamba huku kuangalia tu kwenye zahanati ni utafiti. Akasubiri kibali cha COSTECH na cha ukaazi daraja C, akaja.

Mei 2025 NIH ikatangaza kusitisha utoaji wa fedha zenye mikataba midogo ya nje mpaka iweke muundo mpya, ambao yenyewe itafuatilia fedha hizo moja kwa moja. Mwaka wetu uliofuata ukaning’inia. Sampuli zote zilikuwa na hesabu, madaftari yote yana nakala, kwa hiyo hata tuliposimama hakuna mama aliyeachwa na swali kuhusu damu ya mwanawe. Usajili kamili sasa tunaufanya, NATO na yote, maana sioni dalili ya kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Kwa sasa nina ombi la watu wa misitu, wanaotaka mbia wa Marekani awaletee droni yenye kamera ya joto kwa ajili ya kufuatilia moto mashamba ya Sao Hill. Nimewauliza kamera inapiga picha ngapi kwa sekunde, kwa sababu kwenye sheria za Marekani za kudhibiti bidhaa zinazopelekwa nje ya nchi hiyo, kamera za aina hiyo zinazozidi picha 9 kwa sekunde zinabanwa zaidi. Na kama wameshaanza kibali cha TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Wamesema wataniletea karatasi za kamera Jumatatu.