Mafuta ya njano ya Boran yalivyonikimbizia wateja na jinsi walivyorudi

Nina bucha Dodoma na pembeni nina jiko la kuchoma. Watu wakija wanauliza nyama laini au ngumu basi, mafuta hakuna anayeuliza mpaka siku aone rangi asiyoizoea.

Mwezi wa tano 2022 nilichukua maksai watatu wa Boran kwa mfugaji upande wa Kongwa. Boran ni aina ya ng'ombe, asili yake ni kwa Waborana kusini mwa Ethiopia, ila huku mbegu imesambaa sana sababu ranchi ya taifa ya Kongwa inawafuga. Hawa walikuwa wamekula majani ya mvua tu, pumba hawaijui wala mashudu, nundu imesimama, na ukiminya kwenye shina la mkia unashika tonge la mafuta kabisa. Wakachinjwa, mkaguzi akapiga mhuri, nikatundika. Mama mmoja mteja wangu wa siku zote akasimama anaangalia zile mbavu, mafuta rangi kama siagi, akaniambia "mwanangu, huyu ng'ombe si alikuwa na manjano huyu?" Nikamwambia hapana mama, mzima kabisa, lakini nilisema kinyonge maana jibu lenyewe sikuwa nalo. Akaenda bucha ya jirani. Mpaka jioni wamepita kama saba na neno hilohilo, wengine wanasema ng'ombe mzee, na nyama nyingi ikalala kwenye friza. Iliniuma sana, wale maksai niliwachagua mwenyewe.

Nikampigia daktari wa mifugo, akaja asubuhi, akaniambia nitoe moyo na mguu. Akachana ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, ndani mweupe. Akachana kano za mguu, nyeupe pee. Akasema ugonjwa wa manjano hauchagui, unaingia kwenye weupe wa jicho, kwenye kano, kwenye mishipa, kila mahali, lakini hapa njano iko kwenye mafuta peke yake, na hiyo ni karotini, ileile ya kwenye karoti, ng'ombe anaipata kwenye majani mabichi na inajikusanya kwenye mafuta. Ni kweli ng'ombe akizeeka akiwa machungani rangi inazidi, ila umri unaangalia meno, na wangu walikuwa wa meno manne, yaani bado vijana.

Basi kuanzia siku hiyo kila nikileta ng'ombe wa majani naweka kaunta sinia lenye kano na huo mshipa umechanwa, mteja akiuliza namuonyesha simalizi maneno. Halafu nikaanza kuyeyusha mafuta kwenye sufuria ndogo mbele yao. Ya kwenye figo yakipoa yanakuwa magumu kama mshumaa, ndo yale yanayoganda kwenye kaakaa ukila nyama imepoa, ya kidari yanabaki laini, kwa hiyo nyama ya kusaga nachanganya mafuta ya kidari, na jikoni natoa nundu na mbavu zikiwa za moto. Yule mama alirudi kupitia jikoni, alionja nundu kwanza.

Kuna wanaosema mafuta ya majani ni dawa, mi sisemi hivyo kwa mteja. Omega-3, yale mafuta yanayosifiwa kwa afya, ipo zaidi kuliko kwa ng'ombe wa kulishwa nafaka lakini bado ni kidogo, ukiitaka hiyo kula dagaa.

Nilijaribu pia kunenepesha zizini, miezi mitatu pumba za mahindi na mashudu ya alizeti. Mahindi yetu meupe hayana hiyo karotini kwa hiyo mafuta yalitoka karibu meupe, mazito, na yaliuzika bila maswali. Ila harufu ile inayopanda mafuta ya majani yakidondokea mkaa sikuipata, na gharama ilinikaba.

Kwa hiyo sasa naenda na msimu. Mwezi wa tano mpaka wa saba nachukua wa majani watupu. Kuanzia wa tisa mpaka mvua zikolee nachukua waliolishwa, maana ng'ombe aliyekonda na kiangazi nilishamchinja mara moja, mafuta ya kuzunguka moyo yamegeuka kama jeli, maji maji yanateleza mkononi, ukiweka kwenye moto yanakauka hayatoi hata tone. Huyo mnadani hata kwa bei ya kutupa simchukui.