Msumeno wa zamani, meza mpya: nilivyojipangia kazi karakanani Mafinga

Hapa Mafinga mbao si tatizo. Shamba la miti la Sao Hill liko jirani, malori ya magogo yanapita kutwa, na mbao za paini za futi 12 unazikuta zimepangwa barabarani. Tatizo langu lilikuwa kuzipasua nikiwa peke yangu.

Msumeno wangu wa meza ni wa Kiingereza, wa miaka mingi, uso wake ni chuma cha kusubu. Niliupata kwa mzee mmoja wa Makambako aliyeacha useremala. Tulipomalizana na salamu za kamwene na habari za nyumbani, akaniambia, "Mwanangu, hii mashine haijachoka. Iliyochoka ni mota." Alisema kweli. Uzito ule ndio uliofanya niutake, maana msumeno mzito hautetemeki, na usipotetemeka unakata safi. Misumeno mipya ya bati inayouzwa madukani ni myepesi, ukiwasha tu inatembea.

Ila uso wake ni mfupi. Ubao wa futi 12 ukishavuka bledi unainama kwa nyuma na kukunyanyukia mkononi. Ndiyo maana karakana nyingi utakuta kijana amesimama upande wa pili, kazi yake ni kupokea. Mimi kijana wa kupokea sina kila siku, basi nikaamua meza ndiyo ipokee.

Mota nitaieleza kwa kifupi. Ya awali ilikuwa ya fezi tatu na karakana yangu ina fezi moja. Nikafunga mota ya fezi moja ya kilowati 2.2, yaani farasi 3, ya mizunguko kama 2,850 kwa dakika. Puli ya inchi 4 iko kwenye mota na ya inchi 3 kwenye shafti, hivyo bledi ya inchi 10 inazunguka kama mara 3,800. Fundi umeme aliipa laini yake peke yake kutoka kwenye kabati la umeme, maana mota ya namna hii inavuta sana wakati wa kuwaka. Beringi nilizibadilisha zote mbili. Namba zake zimechongwa ubavuni, unazisoma na kwenda nazo dukani.

Kutu niliisugua kwa msasa laini na mafuta ya taa, kisha nikapaka nta ya nyuki na kuifuta kwa kitambaa mpaka uso ukateleza. Kwa ukungu wa huku kwetu Mufindi, chuma kisichopakwa kitu kinageuka rangi ndani ya wiki.

Kabla ya kujenga chochote nilihakikisha bledi imenyooka na mfereji wa meza. Njia yangu haihitaji kifaa cha bei. Nilifunga skrubu kwenye kipande cha mbao, nikakikaza kwenye kiongozi kinachoteleza ndani ya mfereji. Nikaweka alama ya maka kwenye jino moja la bledi, nikalileta mbele na kusogeza skrubu mpaka ikaligusa kidogo tu. Kisha nikazungusha bledi kwa mkono hadi jino lile lile likafika nyuma, nikasukuma kiongozi kulifuata. Karatasi ya daftari ikapita kwa nafasi kati ya skrubu na jino. Hapo nililegeza bolti zinazoshika meza, nikaigonga kwa nyundo ya mti, nikapima tena, mpaka mbele na nyuma pakagusa sawa. Fensi, yaani ule ukingo ubao unaouegemea ukipita, nayo niliilinganisha na mfereji huo huo, ila mwisho wake wa nyuma nikauachia unene wa karatasi ili ubao usibanwe.

Sasa meza ya kupokea. Urefu wake haukisiwi, unatolewa kwenye mbao unazopasua. Ubao wa futi 12 una katikati yake kwenye futi 6, kwa hiyo kutoka kwenye bledi hadi mwisho wa meza lazima pazidi futi 6, la sivyo ubao ukimaliza kupita unaanguka. Mimi niliweka 7. Kwa kuwa karakana ni ndogo, futi 3 za mwisho ni bawa la bawaba, nisipolihitaji linaning'inia.

Fremu ni 2x4 za paini zilizokaa kiangazi kizima zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili zikauke. Juu niliweka plaiwudi ya milimita 18, ile ya kumwagia zege, kwa sababu uso wake mweusi unateleza. Miguu ina bolti nene chini za kupandisha na kushusha, maana sakafu yangu imepinda. Kusawazisha nilitumia uzi wa mwashi: nilikata vipande vitatu vya mbao vyenye unene sawa, viwili nikaviweka chini ya uzi kwenye ncha, cha tatu nikawa nakipitisha katikati. Palipokataa ndipo palipoinuka. Meza ya kupokea nimeiweka chini ya ile ya chuma kwa milimita 1 hivi, ncha ya ubao isikwame, na mifereji nimeiendeleza juu yake. Upande wa mbele kuna stendi yenye bomba la plastiki linalozunguka, inayobeba mkia wa ubao unapoanza.

Kitu ambacho singekubali kukikosa ni kisu cha nyuma ya bledi, kipande chembamba cha chuma kisichokata, kinachozuia mpasuo usijifunge. Paini, hasa ya mti mchanga, ina mkazo ndani. Ukiipasua inajifunga, inabana bledi, meno ya nyuma yanaunyanyua ubao na kukurushia. Mashine yangu ilikuja bila kisu, na mafundi wengi wanakivua wakisema kinawasumbua. Sikubaliani nao. Bledi yangu inakata upana wa milimita 3.2 na bamba lake lina 2.2, hivyo mchomeleaji alinikatia chuma cha 2.5 na kukifunga kwenye sehemu inayopanda na kushuka pamoja na bledi. Ncha yake iko chini kidogo ya meno ya juu, kwa hiyo hata nikichonga mfereji usiotoboka kwenye ubao sina haja ya kukitoa.