Hata wewe una funguo zangu

Leo Ijumaa usiku na lile neno la Jumanne bado halijanitoka.

Bibi wangu wa Merton, hapa London, mnamjua, yule mzee ninayemhudumia kazini, wa miguu kuvimba. Jumanne nimemaliza kumpaka mafuta na kumvalisha zile soksi za kubana, akaniambia kaa kidogo, picha inaanza. Kwenye tivii likatokea lile sanamu la kichwa cha Edgar Wallace, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za uhalifu, linazunguka polepole ndani ya moshi na gitaa linalia. Bibi anazipenda hizi picha kupita maelezo kwa sababu zilipigwa hapohapo kwao, studio ya Merton Park, kati ya 1960 na 1965, na yeye ndo alikuwa msichana. Ni picha za bajeti ndogo, kama lisaa tu imeisha, kwenye majumba ya sinema zilikuwa za kusindikiza picha kubwa. Wallace mwenyewe alishafariki tangu 1932, hadithi zake wakazileta kwenye miaka yao, basi hakuna haja ya kuhangaika na magari na nguo za kizamani. Mi nazipenda pia, vyumba viwili vitatu, ngazi, simu nyeusi mezani, na umekaa roho juu.

Basi tajiri kakutwa kafa. Nikasema ni yule dada wa kazi.

Bibi akazima sauti. "Kwa nini yeye?"

"Si ndo mwenye funguo."

Akaniangalia. "Hata wewe una funguo zangu."

Akarudisha sauti.

Maneno ni hayo tu. Alisema taratibu, kidole bado kiko juu ya rimoti. Wiki hii dada yangu kajifungua salama wa kiume, kazini wametukata masaa, ila akili yangu iko kwenye funguo tu, kila asubuhi nikifungua kile kisanduku cha namba kinachotunza funguo zake pale mlangoni, chuma cha baridi mkononi, nalisikia tena. Hata wewe. Ananishuku? Au ananiambia ananiamini?

Na kinachoniuma zaidi sio yeye. Habari ya mama na bangili nilishawaandikia, alivyosingiziwa wizi akiwa dada wa kazi kule Chumbageni, Tanga, walivyompekua mpaka kwenye kanga na bangili ikaja kuonekana kwenye mfuko wa gauni la mwenye nyumba, pole hakupewa hadi leo. Sasa mtoto wa mama huyohuyo, kuona tu dada wa kazi na trei yake, namnyooshea kidole wa kwanza. Hajafanya kitu yule, kaleta chai tu.

Leo nikajikaza nikamuuliza, bibi, Jumanne ulimaanisha nini? Hakumbuki hata! Akasema, "Muuaji alikuwa mshirika wake wa biashara, sikukwambia?" Halafu akanieleza kwa raha zote kwamba kwenye picha za bei ndogo muuaji hawi mtu wa maneno mawili, tazama nani analipwa kuongea sana. Akacheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo, akanishika mkono akakaa nao mpaka muda wangu ukaisha. Nimepanda basi nimejaa furaha, nikampigia mama, tukaongea tu habari za mtoto.

Ila kwangu boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, inavuja tangu jana, nimetega beseni chini na limeshajaa mara mbili, mwenye nyumba hapokei simu, na Jumapili wanasema baridi inashuka chini ya sifuri.