Sukari Nayo Hulala?

Mdogo wangu, mwenye kisukari, aliingia Ijumaa jioni, na kabla hajatoa hata kanga kwenye begi alitoa pakiti ya glukosi na kijiko, akaviweka juu ya stuli kando ya kitanda. Mwanangu alikuwa mlangoni anatazama. Baadaye akanifuata jikoni. "Mama mdogo akilala, sukari yake nayo hulala?"

Nikamwambia hailali. Akaridhika, akarudi kucheza. Mimi nikabaki na mwiko mkononi, mgongo wangu ukiusikia tena ubaridi wa lile godoro la sufi.

Wakati ule mdogo wangu alikuwa na miaka 14, kidato cha pili, anajichoma insulini ya kushusha sukari, na wako kwenye mazoezi ya netiboli ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani. Hakuna sauti iliyoniamsha. Kilichoniamsha ni unyevu uliopenya gauni langu. Nikadhani amejikojolea, na wazo langu la kwanza lilikuwa nitabadilishaje shuka mama asijue, maana msichana wa umri ule angeona aibu. Nikampapasa. Mkojo una joto, tena hukaa sehemu moja. Huyu alikuwa ameloa shingo, ameloa nywele hadi kwenye mizizi, gauni limemganda, na ngozi ni ya baridi kama nje ya mtungi. Nikamwita jina. Akafumbua macho lakini hakunitazama. Akasema, "Nirushie mimi, nirushie," kisha maneno yasiyoshikana.

Saa ilikuwa tisa na dakika kumi usiku.

Mama alikuja na taa. Kwenye kopo zilibaki stripu nne za kupimia sukari, na tulikuwa tukizihesabu kama hela. Nilimfuta kidole kwa kitambaa chenye maji, nikakikausha, kwa sababu kidole chenye jasho huchanganya kipimo na chenye mabaki ya kitu kitamu hukipandisha. Ikasoma 2.1, kwa milimoli kwa lita. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, chini ya 3.0 imeshuka vibaya. Kama kipimo kisingekuwa karibu tusingekitafuta. Kwa dalili zile unampa sukari kwanza, namba utaijua baadaye.

Mama alikwishafungua soda, anataka kumlaza chali amiminiwe. Nikamshika mkono. Tulimkalisha, mama akawa mgongo wake wa kuegemea, nami nikamgusisha mdomoni kijiko cha maji. Alimeza. Hapo tu ndipo nilipopata ujasiri. Asiyemeza hawekewi kinywaji mdomoni, kitaingia mapafuni. Huyo hulazwa ubavu na kukimbizwa hospitali akapewe glukosi ya mshipa, au achomwe glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, papo hapo kama ipo nyumbani. Sisi hatukuwahi kuwa nayo.

Vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa, kwenye nusu kikombe cha maji. Gramu 15 hivi. Alikipiga kikombe kikamwagikia kifuani pangu. Nikakoroga kingine. Alinisukuma, akanitukana tusi ambalo sikujua kama analijua, na mama akaanza kumkemea. "Mama, si yeye," nikamwambia, "ni sukari." Ubongo huendeshwa na sukari, na unapoikosa, hasira na ubishi hutangulia kabla ya kuzimia. Akanywa funda moja, akatema, akanywa la pili. Kikaisha.

Kisha dakika 15 za kusubiri. Hizo ndizo nisizozisahau. Ukipima mapema unaona namba ileile, unaingiwa na hofu, unamlisha hadi kilo nzima. Nilikaa nimemshika kifundo cha mkono nikitazama mshale wa saa. Mama alikuwa akimsugua miguu na kusoma dua kimoyomoyo, midomo inacheza bila sauti. Jogoo wa jirani aliwika kabla ya wakati wake. Mdogo wangu alikuwa anatetemeka, tukamvua gauni lililoloa na kumfunika kanga kavu, na nikaona uvimbe mdogo pajani, kama ngozi iliyotiwa pamba, mahali alipokuwa akijidunga kila jioni kwa sababu hapakuwa panauma tena. Dakika ya kumi hivi akageuza shingo, akaniangalia mimi hasa, akasema, "Dada, mbona mmewasha taa?"

Mama akalia.

3.3. Vijiko vitatu tena, dakika 15 tena, 5.6. Stripu ikabaki moja. Alitaka kulala, nikakataa mpaka ale mkate na kikombe cha maziwa, kwa kuwa sukari ya kukoroga hupita haraka na insulini ya jioni ilikuwa bado ina saa kadhaa za kufanya kazi.

Asubuhi stripu ya mwisho ilisoma 14.2. Ndiyo namba iliyoingia kwenye daftari la kliniki.

Nitaeleza tulichoelewa baadaye, kwa sababu nyumba nyingi ziko hapo hapo tulipokuwa. Alikuwa anachoma insulini ya mchanganyiko, asilimia 30 ya kufanya kazi upesi na 70 ya polepole, saa moja jioni kabla ya chakula. Ile ya polepole hufikia nguvu yake kati ya saa nne na kumi baada ya sindano. Hesabu mwenyewe: kilele kinaangukia usiku wa manane, tumbo tupu, mtu yuko usingizini. Wiki mbili kabla, alipandishwa kutoka uniti 14 hadi 18, kwa kuwa daftari lilionyesha sukari ya asubuhi iko juu. Hakuna aliyetuuliza ya saa tisa usiku. Sukari ya asubuhi huweza kupanda kwa sababu insulini imeisha kabla ya mapambazuko huku homoni za alfajiri zikiipandisha, au kwa sababu mtu alishuka usiku akalishwa, kama sisi. Namba ni moja, tiba ni kinyume. Bila kupima saa tisa, siku kadhaa, huwezi kuzitofautisha.

Na siku ile alicheza netiboli saa mbili nzima. Misuli huendelea kuvuta sukari saa nyingi baada ya mchezo, hata usiku. Tena alichoka, akala ugali nusu sahani. Tena, kwa kuwa nilikuwa nimemgombeza kuhusu paja, jioni hiyo alidunga tumboni kwenye ngozi nzima, ambako insulini huingia vizuri zaidi kuliko kwenye uvimbe. Ushauri wangu ulikuwa sahihi. Sikujua tu kwamba anayehama kutoka kwenye uvimbe huenda akahitaji kupunguziwa dozi.

Kwa nini hakuamka? Hili liliniumiza mpaka nilipolisoma vizuri. Mtu akiwa macho, sukari ikishuka mwili humwaga adrenalini: moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, anajua. Katika usingizi mzito mwitikio huo hupungua sana. Jasho linaweza kuja na mwenyewe asiamke. Asubuhi anabaki na kichwa kinachouma, shuka bichi, ndoto mbaya, na uchovu unaoonekana kwa wengine kama uvivu.

Kliniki nyingine ilitutenganishia insulini: ya upesi kabla ya chakula, ya polepole saa nne usiku, ili kilele kisogee karibu na alfajiri. Siku za mazoezi ile ya usiku ilipunguzwa moja ya tano. Kabla ya kulala akiwa chini ya 7, anakula kitu. Kushuka kwa usiku kukawa nadra.

Usingizi haukurudi. Kwa miezi alikuwa akila kwa siri kitandani, maandazi, ndizi, chochote, ili alale sukari ikiwa juu. Lakini sukari ikizidi 10 hivi huanza kutoka na mkojo, basi akawa anaamka mara tatu kwenda chooni na mara nyingine tatu kunywa maji. Darasani akasinzia. Nami kila saa tisa nilikuwa nikiamka na kumgusa nyuma ya shingo. Kliniki walituuliza chakula, sindano, miguu, macho. Tunalalaje, hapana.

Ijumaa hii niliamka tena saa tisa. Sikuweka kengele, miaka yote hii sijawahi kuihitaji. Nikaingia chumbani polepole. Mwanangu alikuwa amemlalia mama mdogo wake mkononi. Nikanyoosha vidole kuelekea shingoni.

"Ni kavu, dada," akasema gizani. "Huwa naamka kabla hujafika."

Sikujua la kumjibu. Sijui hadi leo kama miaka ile nilikuwa namlinda au nilikuwa namfundisha kuuogopa usiku. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Akasogea kuelekea ukutani, akanipa nafasi.