Mchana katika Bustani ya Jeevanjee, Nairobi

Katikati ya Nairobi ni vigumu kupata mahali pa kukaa bila kununua kitu. Mkahawani utaulizwa utakunywa nini, kwenye ukumbi wa jengo la ofisi askari atataka kujua unamngoja nani, na barazani pa duka mwenye duka atakuvumilia kwa muda tu. Ndiyo sababu naithamini Bustani ya Jeevanjee kuliko bustani nyingine zote za jiji hili, ingawa zipo zilizo kubwa na nadhifu kuliko hii. Juma lililopita, shughuli zangu za mjini zilipokwisha mapema, niliingia humo kutoka upande wa Moi Avenue, si kwa kukata njia kama wafanyavyo wengi, bali kwa nia ya kukaa na kuitazama vizuri.

Si bustani kubwa. Ni ekari 5 hivi, zilizobanwa kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu Street, na hukuti humo ziwa wala mashua. Saa saba mchana wafanyakazi wa ofisi huja na chakula chao, wahubiri husimama huku na huku kila mmoja na Biblia yake na duara lake la wasikilizaji, na wenye usingizi hujilaza nyasini wamejifunika uso kwa gazeti. Upande mmoja nilikuta kundi la wanaume na wanawake wachache wakijadiliana kuhusu bei ya unga na wajibu wa serikali, kwa utaratibu uliotimia: anayetaka kusema anainua mkono, anapewa nafasi, na anayemkatiza mwenzake anakemewa mara moja. Hapa ndipo lilipokita lile kundi linalojulikana kama Bunge la Mwananchi, ambalo kwa miaka mingi limewapa watu wasio na cheo chochote mahali pa kuhoji mambo ya nchi hadharani. Nilisimama nikasikiliza kwa muda mrefu, na nakiri kwamba hoja zilizotolewa pale zilikuwa na uzito kuliko nyingi ninazozisikia redioni.

Nilipopata nafasi kwenye benchi, kijana mmoja aliyeshika bahasha ya kaki, ile ambayo kila mtafuta kazi wa Nairobi anaijua, aliniuliza, "Samahani mama, hapa pana mtu?" Nikamwambia aketi. Tulizungumza kidogo kuhusu kazi, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba bustani hii ni ya Mhindi fulani tajiri, na kama siku moja watoto wake hawatakuja kuichukua.

Swali lake lilinigusa, kwa sababu jibu lake ndilo historia yote ya mahali hapa. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akafika Mombasa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, na akatajirika kwa kuipelekea Reli ya Uganda vibarua na vyakula. Mwaka 1902 alianzisha gazeti la African Standard, ambalo hadi leo lipo kwa jina la The Standard, na baadaye akawa Mhindi wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Bustani hii aliitoa mwaka 1906 kwa ajili ya wakazi wa mji, na humo ikasimamishwa sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mwanawe, Duke wa Connaught. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwazuia Wahindi kupata mashamba katika nyanda za juu, zilizotengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu baada ya kunyang'anywa Waafrika. Kwamba mtu aliyekatazwa ardhi upande mmoja alitoa ardhi ya bure upande wa pili ni jambo ninaloliona kubwa, hata nikikumbuka kwamba alikuwa mfanyabiashara aliyejua faida ya kujenga jina mbele ya wakubwa.

Sanamu ya Malkia ilivunjwa mwaka 2015. Mimi sikuililia.

Kuhusu hofu ya kijana yule ya kunyang'anywa, nilimweleza kwamba hatari haikutoka kwa watoto wa Jeevanjee hata kidogo. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walikusudia kuigeuza bustani iwe mradi wa majengo na maegesho ya magari, na aliyesimama mbele kuupinga mpango huo alikuwa mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, Zarina Patel, akiungwa mkono na Wangari Maathai, ambaye tangu 1989 alikuwa amepigania Uhuru Park isijengwe jumba la ghorofa 60. Hizo zilikuwa siku za chama kimoja, na kuipinga serikali hadharani kulimgharimu mtu. Mpango ulikufa, na nyasi tulizokuwa tukizitazama ni matunda ya ukaidi ule.

Hata jina la barabara iliyo upande wa magharibi lina habari ya namna hiyo. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba kuja Nairobi mwaka 1938 kupinga kunyang'anywa mifugo yao, na serikali ikamhamishia Lamu kama adhabu. Nadhani wengi wetu tunaopanda matatu katika barabara ile hatujawahi kuambiwa hivyo.

Bustani ina upungufu wake. Mabenchi hayatoshi, nyasi zimekanyagwa hadi udongo ukaonekana penye njia za mkato, na giza likiingia wanawake huepuka kupita humo. Hata hivyo nina wasiwasi kila ninaposikia neno ukarabati, kwa kuwa mara nyingi huanza na mabati ya kuzungushia na kuishia na kiingilio. Kuna njia bora. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, liliwahi kuwakusanya vijana na watumiaji wengine wa Jeevanjee wakaichora upya bustani wanayoitaka kwa kutumia mchezo wa kompyuta wa Minecraft, na hilo lilionyesha kwamba anayelala nyasini mchana anaweza kuulizwa na akajibu kwa ufasaha.

Laiti ningeulizwa mimi, ningeomba taa, mabenchi zaidi, na ubao mkubwa wa Kiswahili karibu na sanamu ndogo ya Jeevanjee, wenye miaka hii miwili, 1906 na 1991, na maelezo ya nani alifanya nini, ili anayekuja na bahasha yake ajue tangu mwanzo kwamba hahitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuketi.