Jaketi Kongowea, hesabu Majengo: siku yangu moja Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshaswali, chai iko jikoni, naishika simu. Ujerumani wakati huu wa baridi wako nyuma yetu saa mbili, kwa hiyo walionitumia ujumbe ni wanafunzi wangu wa zamani, wale wa zamu ya usiku. Mmoja analalamika: barua ya namba yake ya kodi haijafika, na kazini wanaiulizia. Namuuliza swali moja tu: jina lako umelibandika kwenye sanduku la barua mlangoni? Kimya. Kisha: "La, Mwalimu."

Basi ndiyo hiyo. Kule mtu wa posta hatafuti mtu, anatafuta jina. Sisi tumezoea kupigiwa simu, "niko hapa kwa duka la Msomali, toka nje." Hamburg unaweza kuishi ghorofa ya tatu mwaka mzima na barua zako zote zikarudi zilikotoka.

Mimi nilikaa Hamburg miaka kadhaa nikihudumia wazee, nikarudi. Sasa nafundisha Kijerumani vijana wa hapa Mombasa wanaokwenda kusomea uuguzi huku wakilipwa. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, viti havitoshi. Pia wameongezeka mawakala wanaouza fomu kama kwamba makubaliano yale yanagawa kazi. Hayagawi. Anayekupa kazi ni mwajiri, na kwanza atataka kuona cheti cha lugha.

Saa mbili, darasani. Feni inazunguka, joto la kaskazi liko pale pale. Kundi hili linajiandaa kwa mtihani wa B1, ngazi ya kati ya Kijerumani: kusoma, kusikiliza, kuandika, kuzungumza, na kila sehemu inataka alama 60 kati ya 100. Sarufi wanaimudu. Kinachowashinda ni simu. Kwa hiyo leo nimewageuza migongo, wasionane nyuso, kila mmoja ampigie "bosi" kusema anaumwa. Sheria ni kwamba unatoa taarifa kabla zamu haijaanza, si baadaye. Binti mmoja wa Kisauni anaanza kwa kumjulia bosi hali, na watoto, na nyumbani. Darasa linacheka. Namwambia heshima hiyo isimtoke, wazee atakaowahudumia wataipenda, ila saa kumi na moja unusu za asubuhi bosi anataka jina, kwamba unaumwa, na utarudi lini.

Baada ya mapumziko, mambo ya nyumba. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia uwe umejiandikisha ofisi ya wakazi, na barua ya mwenye nyumba mkononi. Madirisha yafunguliwe wazi dakika chache kila siku hata kukiwa na theluji, la sivyo ukuta unaota ukungu. Jumapili maduka yamefungwa. Haya nayapitisha mbio, wameyaandika.

Swali la leo linatoka kwa kijana wa Likoni: vipi sala? Naipenda siku linapoulizwa hili, kwa sababu ndipo wanapoelewa giza. Desemba, Hamburg jua linachomoza saa mbili unusu na kutua saa kumi, hujamaliza Adhuhuri vizuri unasikia Alasiri na Magharibi zinakuja zikikimbizana. Juni unangoja Magharibi mpaka karibu saa nne za usiku. Mtu wa pwani aliyezoea jua linalofuata saa yake mwaka mzima, hilo linamchanganya kuliko baridi yenyewe.

Saa nane, sokoni Kongowea. Watatu wanaondoka mwezi wa tatu, tunatafuta makoti. Mji huu hakuna anayevaa koti, ndiyo maana makoti mazito ya mitumba yana bei nafuu. Muuzaji anashukuru akimpata kichaa wa kulinunua. Wanavaa, wanatoka jasho, wapita njia wanatuangalia. Mimi naangalia zipu, mikono, na urefu: lifunike makalio. Hamburg ni mji wa upepo na mvua kama Mombasa ilivyo mji wa chumvi, kwa hiyo koti la manyoya ya bata linalopendeza macho likilowa halikufai kitu. Bora jepesi lisilopitisha upepo, na ndani sweta juu ya fulana, maana ndani ya majengo kuna joto na utavua. Viatu siwaruhusu kununua hapa. Soli ya mtumba imeshalika, na barafu haimhurumii mgeni. Moja kati ya makoti tuliyochukua lina lebo ya Kijerumani. Limetoka huko, sasa linarudi kwao.

Saa kumi na mbili unusu, Majengo, nyumbani kwa kijana mmoja. Hili ndilo darasa langu gumu, nalo wala sijalipwa. Tumeketi mkekani, mama yake, ami yake, dada zake, kahawa na kaimati katikati. Ami ameshazidisha: euro 1,300 za mwezi mara shilingi 150, "karibu laki mbili, Mwalimu, mwaka wa kwanza tu!" Kumbe ameshafikiria na bati la nyumba ya shamba.

Naomba karatasi. Ami, hizo ni kabla ya makato. Bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi: moja ya tano hivi inaondoka, zimebaki 1,040. Chumba, 500, na akipata kwa hiyo ashukuru. Chakula, 250. Tikiti ya mwezi ya mabasi na treni, ilianza kwa euro 49 mwaka 2023, mwaka 2025 ikafika 58. Ada ya redio na televisheni, 18.36 kwa kila nyumba, hata kama hana televisheni. Bado simu. Bado viatu. Kitakachobaki baada ya hivyo hakifiki elfu thelathini za hapa, na mshahara wa kwanza unakuja mwisho wa mwezi.

Mama ananitazama. "Kwa hiyo mwanangu hapati kitu?"

"Anapata, mamangu, na anasoma bila kulipa karo. Lakini akifika tu mkaanza kumwomba, atachukua kazi ya pili kwa siri, alale darasani, afeli." Nimewaona wa namna hiyo kule, na kilichowamaliza hakikuwa theluji. Tunabishana. Ami anasema mwaka mzima ni mrefu, mimi nasema miezi sita, mama anakata shauri: miezi sita, na kila Ijumaa apige simu. Kijana mwenyewe hakusema neno, ila alikula kaimati sita mfululizo.

Kisha mama analeta vitu vya safari tuvikague. Iliki, mdalasini na bizari namwambia zifungwe vizuri, zinapita. Samli haipiti, ni ya maziwa, na forodha ya Ulaya hairuhusu msafiri kuingiza maziwa wala nyama kutoka huku. Mama analigeuza lile kopo mkononi, analifunga upya kwa mfuko, ananipa mimi. Saa tatu unusu niko ndani ya tuktuk, na samli ya watu magotini.